Pale Palipoachwa Wazi

Jiwe lilikuwa zuri, hakuna aliyebisha. Lilifika asubuhi juu ya lori, limeviringishwa magunia kama mtu aliyeshikwa na homa ya baridi, na vibarua walilishusha kwa kelele ambazo zingewaamsha hata wagonjwa waliopewa dawa ya usingizi. Fundi mwashi akafunua pembe moja, akalipapasa kwa kiganja, akaridhika.

"Mama, hili likishasimama limesimama. Tuchimbe wapi?"

Rula akanyoosha kidole. Kazi yake ilikuwa usanifu wa mandhari, na katika kazi hiyo kidole chake kilikuwa hakijawahi kusitasita. Alionyesha katikati ya ua wa hospitali, mbele ya wodi ya wanawake, penye duara tupu lisilo na nyasi, maua wala benchi.

"Hapo palipoachwa wazi?"

"Hapo hapo. Leo mchimbe, kesho mmwage zege."

Jiwe lilikuwa la kumkumbuka rafiki yake. Jina lilikuwa bado kuchongwa, mchongaji angekuja likishasimama, lakini Rula alikwisha kulichora: refu kuliko mtu, limenyooka pande zote, na herufi za kusomeka kutoka getini. Alilipigania kwa mganga mkuu wa hospitali mpaka yule daktari akasalimu amri. Tangu msiba, hilo jiwe ndilo lililokuwa likimtoa kitandani asubuhi.

Sasa, jina la Rula hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa chuoni, mwaka wa kwanza, kwa sababu alikuwa hawezi kuchora hata jani bila kuliwekea rula. Aliyembandika ni msichana wa dawati la pembeni, ambaye naye alikwisha kubandikwa lake: Kigoda. Huyo alitembea na kigoda cha mbao cha bibi yake kila mahali, darasani, kantini, hata kwenye foleni, na ukimcheka anakwambia, "Cheka tu, lakini miguu ikikuuma usinitazame kwa jicho hilo."

Siku moja mwalimu aliwatuma wakapime kiwanja mbele ya soko, kila mmoja achore pa kupumzikia watu. Rula akaenda, akapima, akarudi kabla ya chakula cha mchana na mchoro safi kama shuka jipya. Kigoda akaenda, akaweka kigoda chake, akakaa. Jioni wenzake walimkuta angali amekaa, ila amehamia upande wa pili. Kesho yake vivyo hivyo. Mchoro wake ulipokuja ulikuwa na mistari iliyopinda ovyo, na darasa zima likacheka. Yeye hakujali. Alikuwa ameinamia mchoro wa Rula.

"Benchi zako nzuri sana," akasema. "Ila mtu akikaa hapa saa nane mchana, ataiva."

Rula alikasirika mpaka masikio yakamwasha. Akaenda mwenyewe saa nane, akakaa chini pale pale alipochora benchi, ili apate la kumwambia huyo mwenye kigoda chake. Akaiva. Alirudi chuoni jasho linamtiririka, akavuta kiti karibu na Kigoda, na tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Walimaliza pamoja, wakafungua ofisi moja juu ya duka la rangi, wakaolewa, wakazaa, wakazika wazazi, wote wawili wakifanya kazi ambayo ndugu zao hawakuielewa kamwe. Shangazi yake Rula alifariki akiamini kwamba mpwa wake kasoma miaka yote ile ili amwagilie maua. Kigoda akisikia hivyo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwache shangazi. Si tunamwagilia kweli?"

Kigoda alikuwa na sheria moja tu: kaa kwanza, chora baadaye. Alikaa uwanjani pa shule kabla ya kuchora uwanja wa shule, alikaa makaburini kabla ya kuchora njia za makaburini. Na alikuwa na kero moja tu, nayo kubwa: alikuwa haelezi. Ukimuuliza kwa nini ukuta huu ukatwe hapa, anakusukumia kigoda. "Nikikwambia utachora nilichosema. Kaa, uchore ulichokiona." Rula alitukana kimoyomoyo, akakaa, na mara nyingi aliona. Kama kuna msanifu aliyekuwa ndani yake, mtu aliyemtoa huyo msanifu nje alikuwa Kigoda, na Rula hakuona aibu kulisema mbele ya yeyote.

Ua wa hospitali ulikuwa kazi yao ya mwisho. Mganga mkuu aliwaita akitaka bustani ya wagonjwa mahali palipokuwa jalala la vyuma vibovu, chini ya mti mmoja mkubwa wa mkungu ulioponea chupuchupu kukatwa. Walikwisha kumaliza michoro, na mafundi walikwisha kuanza, Kigoda alipougua. Akalazwa hapo hapo, katika wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na dirisha. Walitaniana kwamba hakuna msanifu aliyewahi kusimamia kazi kwa karibu kiasi hicho.

Wiki zake za mwisho alimwita Rula, akataka ramani. Mkono ulikuwa umeisha nguvu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kuamrisha.

"Hapa," akasema, akigusa katikati ya ua, palipokuwa pamechorwa kitalu cha maua. "Hapa paachwe wazi. Duara, ukubwa huu. Pasawazishwe, pasakafiwe, basi. Na hii njia ya kutoka mlangoni uipanue."

"Njia hiyo ikipanuka zaidi itapita lori."

"Ipanue."

"Sasa hapo wazi pa nini, mwenzangu?"

Kigoda akamtazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kigoda chake kilikuwa chini ya kitanda. Akakielekeza kwa kidevu.

Rula alisema atakaa. Kisha ugonjwa ukapamba moto, na siku zikaenda katika dawa na maombi, halafu yakaja mazishi, na hakukaa. Duara lilijengwa kama lilivyoagizwa na njia ikapanuliwa. Na Rula, kila alipopita akaona ule uwazi katikati ya bustani, aliona kitu kimoja tu: mahali pa mtu asiyekuwepo. Jiwe lilimjia lenyewe. Binti wa Kigoda, mtoto wa pekee, alipoonyeshwa mchoro aliukumbatia.

"Mama mdogo, ahsante," alisema akilia. "Nilikuwa naogopa watamsahau."

Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa, na shimo lilikuwa limekwisha kuanza kuchimbwa, Rula alipokwenda kukaa.

Hakwenda kwa sababu ya shaka. Alikwenda kwa sababu aliahidi, na ahadi kwa marehemu haina wa kukusamehe ukiivunja. Binti alikuwa amempa kile kigoda baada ya arobaini. Alikileta ndani ya mfuko wa sokoni, akakiweka ukingoni mwa duara, mbali kidogo na majembe ya vibarua, akaketi na magoti yake yakalalamika.

Akaona vitu vizuri. Aliona kivuli cha mkungu kikizunguka duara na kuligusa kwa upole. Aliona muuguzi akila karanga mahali alipodhani haonekani. Aliona mzee akitembezwa na mwanawe kwa mkongojo. Hakuna hata mmoja aliyehitaji lile duara, wote walilizunguka. "Umeona?" akajisemea. "Pa jiwe hapa." Lakini moyo haukutulia. Sauti ya Kigoda aliyoizoea ilikuwa haijamwambia "ndiyo".

Aliinuka kujinyoosha, na ndipo alipotazama dirisha la wodi, lile la kitanda cha Kigoda. Alisimama akalitazama kwa muda. Kisha akabeba kigoda chake akaingia ndani.

Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa upya. Rula akaweka kigoda kando yake, akakaa, akatazama nje. Ukingo wa dirisha ulimfika puani. Aliona mkungu nusu. Akatafakari, akavua viatu, akapanda kitandani akalala chali.

"Mama!" Muuguzi aliyekuwa akipita akashtuka. "Hicho ni kitanda cha wagonjwa."

"Basi niandikie dawa, mwanangu. Nipe dakika moja."

Kutoka kitanda cha jirani sauti ikasema, "Mwache, nesi, anakagua." Alikuwa mshonaji mmoja mzee aliyevunjika nyonga, aliyelala hapo tangu Kigoda akiwa hai na aliyekuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Ehe, bibie. Unaona nini?"

Rula alitazama. "Dari."

"Basi ndiyo bustani yetu hiyo. Ina ufa mmoja na mjusi mmoja. Mjusi anatoka jioni."

"Na nje?"

"Nje nasikia. Mnachimba, mnagonga, mnamwagilia, napata harufu ya udongo. Namuuliza nesi, kumependeza? Ananiambia, bibi, kumependeza mno! Namwambia hongera."

Alikuwa amelala mikono kifuani, na alikuwa akiona kwa mara ya kwanza kazi ya maisha yake yote kama ilivyo kutoka chini. Bustani ya wagonjwa. Walikuwa wamewachorea wanaotembea, wakawachorea wanaokaa, wakapanga kimo cha kila ua ili liwafae wenye viti vya magurudumu. Lakini wodi nzima hii ilikuwa ya watu waliolala. Ukae mwaka mzima juu ya kigoda, hilo hulioni. Kigoda aliliona kwa sababu alilazwa.

"Mwenzangu aliwahi kusema lolote kuhusu kitanda hiki?" akauliza.

"Kusema? Yule?" Mshonaji akacheka kwa uangalifu kwa ajili ya nyonga. "Ila siku moja aliwasumbua manesi mpaka wakakisukuma kitanda hadi mlangoni, yeye yumo ndani yake. Wakakigeuza, wakakirudisha, wakakigeuza tena. Tukasema homa imempanda kichwani, maskini."

Rula alishuka kitandani kama msichana. Mkobani hakukosa futi kamba hata siku moja. Akapima kitanda kutoka pembe hadi pembe, akatoka na viatu mkononi, akapima duara: nafasi ya kitanda kuzunguka na mtu mmoja wa kukisukuma, haikupungua wala haikuzidi. Akapima njia. Lori lisingepita hapo. Kitanda kingepita, na mtu pembeni akiwa ameshika mkono wa mgonjwa.

Vibarua walikuwa wamefika magotini shimoni.

"Acheni," akasema. Kisha kwa sauti iliyowafanya waangushe majembe: "Jamani, acheni! Fukieni!"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Rula hakumtafuta wa kumpa pole. Mganga mkuu alimsikiliza akiwa amekunja uso, maana alikwisha kualika wageni waje kufunua jiwe. "Sasa hao wageni watafunua nini, mama?"

"Hawatafunua kitu, daktari. Watafungua mlango, wapishe kitanda."

Daktari alichungulia dirishani, akamtazama tena huyu mama aliyemsumbua wiki nzima akitaka jiwe na sasa anamsumbua halitaki. "Nyinyi wapanda maua," akasema, na hatimaye akacheka, "mtanimaliza."

Huyo alikuwa rahisi. Mgumu alikuwa binti. Rula alimpigia simu, akaja moja kwa moja kutoka kazini, na alipoona shimo limefukiwa na jiwe limelala ubavu, alisimama pale pale kabla hajaambiwa neno.

"Mama mdogo, nini hiki?"

Rula akamweleza, na alieleza vibaya, akianzia mwisho. Binti alisikiliza mpaka akachoka kusikiliza.

"Vitanda! Sasa mama yangu ataandikwa wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui! Na wewe ndiye uliyeniahidi! Wiki ijayo watapita watu hapa, mwaka ujao watapita wengine, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba aliishi!"

Maneno yale yalimkata maini kwa sababu yalikuwa ya kwake pia, yeye ndiye aliyelia nayo usiku akichora lile jiwe. Naye alitaka jina lisomeke kutoka getini. Alitaka hivyo hata dakika ile. Angekuwa na la kumtuliza angelisema, lakini alichokuwa nacho kilikuwa kitanda tu. Akamshika binti mkono.

"Njoo ulale kidogo."

"Wapi?" Akaelewa, akavuta mkono. "Kile kitanda? Nilimwacha pale, mama mdogo. Siwezi."

"Najua."

"Siwezi kabisa."

"Mimi nitakaa hapo hapo karibu. Kigoda ninacho."

Walikwenda polepole. Binti alisimama mbele ya kitanda muda mrefu, akagusa shuka, akavua viatu akiwa amempa Rula mgongo. Alipolala alifumba macho kwanza. Rula alikaa juu ya kigoda. Hakueleza. Alikuwa amejifunza kwa mtu.

Binti akafumbua macho.

Halafu kutoka kitanda cha jirani: "Umemwona mjusi?"

Binti akacheka, kicheko kikamponyoka kikiwa na machozi ndani yake, akajifunika uso kwa viganja, akalia na kucheka huku Rula akimsugua unyayo kama alivyomsugua alipokuwa mtoto mwenye tumbo la kuuma. "Alikuwa anatazama hii," binti akasema kutoka nyuma ya viganja. "Siku zote zile. Nami nilikuwa nakaa hapo namsimulia bustani inavyopendeza."

"Wote tulimsimulia."

Binti alijifuta, akaketi, akatazama mlango. Palikuwa na kizingiti pale kati ya baraza na njia, kimo cha kiganja. Wasanifu wawili wazima walikisahau. Kiti cha magurudumu wauguzi hukiinua, lakini kitanda kisingekipanda.

"Na hapo mtapitaje?" akauliza.

Rula akatazama kizingiti. Kwa sababu zisizoelezeka alijisikia kufurahi. "Hapo sijafika bado."

"Lile jiwe lina unene gani?"

Fundi mwashi alipoitwa alisema inawezekana, tena vizuri sana. Lilikatwa kwa mshazari, likalazwa mlangoni likawa mteremko, likakwaruzwa juu ili magurudumu yasiteleze, na pale palipochimbwa pakasakafiwa upya. Mchongaji alipigiwa simu asije. Binti mwenyewe ndiye aliyepiga.

Siku ya kufungua, wageni walisimama barazani na suti zao, wakingoja kuonyeshwa kitu. Hotuba zilisemwa. Rula alitakiwa naye aseme, akasema rafiki yake alikuwa msanifu bora kuliko yeye, na kwamba amemkosa kila asubuhi tangu afariki, kisha akashindwa kuendelea, akaketi juu ya kigoda. Milango miwili ya wodi ikafunguliwa.

Mshonaji alikuwa wa kwanza. Alikuwa ameomba kitambaa kipya cha kichwani kwa ajili ya shughuli hiyo. Muuguzi alivuta mbele, binti alisukuma nyuma. Magurudumu yaligusa jiwe, yakashuka bila kelele, yakaingia njiani na kufika katikati, pale palipoachwa wazi. Binti akakanyaga breki.

Mshonaji hakusema kitu, jambo ambalo wauguzi walisema halijawahi kutokea. Juu yake mkungu ulikuwa umejaa majani mapana, na upepo ulipopita yalihama, yakafunua anga, yakaifunika tena. Jani moja jekundu lilianguka likatua juu ya shuka. Akaliokota, akaligeuza, akalikagua kwa jicho la mtu anayetafuta kasoro kwenye mshono, akaliweka kifuani.

"Nani aliyefikiria jambo hili?" akauliza.

Rula alikuwa ameshika kingo za kigoda kwa mikono yote miwili.

"Mama yangu," binti akasema, kwa sauti iliyofika getini.

"Ahaa. Yule wa jirani." Mshonaji akatikisa kichwa taratibu, kisha akakunja uso, akainua kiganja mbele ya macho. "Basi mwambie ameweza. Ila jua linanipiga usoni."

Binti akacheka. Akaachia breki, akashika kitanda kwa mikono miwili, akakizungusha taratibu ndani ya duara mpaka kivuli kikamfunika bibi uso mzima.